Andrew Douglass, mtaalamu wa nyota aliyesoma mvua za zamani ndani ya miti

Mwaka 1901, katika mji mdogo wa Flagstaff, jimbo la Arizona, inchi ya Marekani, mtaalamu mmoja wa nyota alifukuzwa kazi kwa sababu ya barua. Aliitwa Andrew Ellicott Douglass na alikuwa na miaka 34. Barua ile haikuwa ya matusi wala ya kudai mshahara. Alikuwa amemwandikia shemeji ya mkubwa wake na kumweleza kwamba mkubwa huyo hafanyi kazi kwa njia ya sayansi: anaanza na jibu analolipenda, kisha anatafuta ushahidi wa kulitetea.

Mkubwa mwenyewe alikuwa Percival Lowell, tajiri wa Boston aliyeamini kwamba kwenye sayari ya Mars kuna viumbe wenye akili waliochimba mifereji ya maji. Ni Douglass ndiye aliyetumwa naye mwaka 1894 kuzunguka Arizona na darubini, akitafuta pahali ambapo anga ni tulivu na safi, hadi akachagua Flagstaff. Huko ndiko kituo cha Lowell cha kutazama nyota kilijengwa, na kipo mpaka leo.

Douglass hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Alizaliwa tarehe 5 mwezi wa saba mwaka 1867 huko Windsor, jimbo la Vermont, akamaliza masomo katika chuo cha Trinity mjini Hartford mwaka 1889, kisha akaajiriwa na kituo cha nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Harvard ilimpeleka Peru, karibu na mji wa Arequipa, kusaidia kujenga kituo kipya milimani. Alipofika kwa Lowell, yeye pia alichora mistari aliyodhani anaiona juu ya Mars. Lakini baadaye alianza kushuku. Alitengeneza sayari bandia, akaziweka mbali sana, akazitazama kwa darubini. Akagundua kwamba jicho la mtu, likichoka au likitamani sana kuona kitu, linaweza kuchora mistari ambayo haipo. Lowell hakutaka kusikia habari hizo.

Baada ya kufukuzwa, Douglass hakurudi kwao mashariki. Alibaki Flagstaff, akachaguliwa kuwa hakimu wa mambo ya mirathi katika wilaya ya Coconino, tena akafundisha lugha ya Kihispania na jiografia shuleni. Kwa mtu aliyezoea kushinda usiku kucha akitazama nyota, hiyo ilikuwa kushuka chini kweli. Hata hivyo, hakuliacha swali lililomsumbua. Juu ya uso wa jua kuna madoa meusi ambayo huongezeka na kupungua, na mzunguko huo huchukua karibu miaka 11. Douglass alijiuliza kama madoa hayo yanabadilisha mvua ya duniani.

Kulijibu swali hilo kulihitaji hesabu ya mvua ya miaka mingi sana, mamia ya miaka. Arizona haikuwa na hesabu hiyo. Wazungu walioanza kupima mvua huko walikuwa wamefika juzi tu, na hakuna kitabu cha zamani kilichoandika ni mwaka gani ulikuwa wa neema na ni upi ulikuwa wa ukame.

Jibu alilipata akiwa safarini, mwaka ule ule wa 1901, akisafiri kwa gari la farasi na kushuka kutoka milima yenye misonobari mpaka kwenye jangwa. Aliona jinsi mimea inavyobadilika kadiri maji yanavyopungua. Akawaza: ikiwa katika inchi kavu mti unaishi au kufa kwa sababu ya maji, basi lazima mti wenyewe uwe na kumbukumbu ya maji hayo ndani ya mwili wake.

Mtu yeyote aliyekata mti kwa msumeno anaweza kuwa ameona maduara yanayofuatana kutoka moyo wa mti hadi kwenye ganda. Katika inchi zenye majira ya baridi kali, mti hukua wakati wa joto na kusimama wakati wa baridi, kwa hiyo kila mwaka unaongeza duara moja. Mwanzoni mwa majira ubao wake ni laini na mweupe, mwishoni ni mgumu na mweusi, na hapo ndipo mstari unapoonekana. Katika sehemu kavu kama Arizona, mwaka wenye maji mengi huacha duara pana, na mwaka wa ukame huacha duara jembamba kama uzi. Kuhesabu maduara ili kujua umri wa mti ni jambo la zamani. Hata Leonardo da Vinci, kule Italia, alikuwa amelitambua. Kitu kipya kwa Douglass kilikuwa kuyalinganisha kutoka mti hadi mti.

Mwaka 1904 alianza kwenda kwenye kiwanda cha kupasua mbao cha Flagstaff. Wafanyakazi walimwachia vipande vilivyokatwa mwishoni mwa magogo, naye akavisafisha kwa wembe, akavipaka mafuta ya petroli ili mistari ionekane vizuri, kisha akapima duara moja baada ya lingine. Kila mara alikuta mpangilio uleule wa maduara membamba na mapana. Akaujua kwa kichwa kama mtu anavyojua sura ya ndugu yake. Siku moja alikuta kisiki cha zamani katika shamba la mtu. Akakitazama, akaona mpangilio ule, lakini maduara ya mwisho yalikuwa yanakosekana. Akamwambia mwenye shamba kwamba mti ule ulikatwa miaka kumi nyuma. Mwenye shamba akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1906 alihamia Tucson, kufundisha fizikia na jiografia katika Chuo Kikuu cha Arizona. Mwaka 1911 akapata vipande vya miti kutoka Prescott, mji ulio karibu kilometa 100 kutoka Flagstaff, akakuta mpangilio uleule tena. Hapo akaelewa kwamba hakuwa anasoma historia ya mti mmoja au ya kilima kimoja. Ukame ulioikumba inchi nzima ulikuwa umepiga muhuri wake ndani ya miti yote kwa pamoja.

Huu ndio ufundi wenyewe, nao ni mgumu kuliko unavyoonekana. Mti unaweza kudanganya. Katika mwaka mbaya sana unaweza kukosa kabisa kutengeneza duara, na katika mwaka ambao mvua ilikatika katikati kisha ikarudi, unaweza kutengeneza maduara mawili. Mwenye kuhesabu mti mmoja tu atakosea. Mwenye kulinganisha miti makumi atagundua ni upi ulioruka mwaka na ni upi ulioongeza. Ndiyo maana Douglass alikataa kutoa tarehe mpaka vipande vingi vikubaliane. Elimu hiyo inaitwa leo dendrokronolojia.

Ni lazima kusema pia kwamba si kila mti duniani unasomeka hivyo. Katika msitu mkubwa wa Congo, ambako joto halikatiki na mvua inanyesha karibu mwaka mzima, miti mingi haina maduara yanayoonekana vizuri, au inayo yenye kuchanganya. Kusini, katika Katanga, ambako kiangazi ni kirefu na kikavu, mti una sababu ya kusimama. Watafiti wanaendelea kufanya kazi juu ya miti ya Congo, na Yangambi, jimbo la Tshopo, kuna maabara ya kuchunguza ubao. Kazi hiyo ina uzito wake, kwa maana vituo vingi vilivyopima mvua wakati wa ukoloni vilifungwa baadaye.

Kule Tucson, Douglass hakusahau nyota. Aliongoza chuo kikuu kwa muda kati ya 1910 na 1911, kisha mwaka 1916 mama mmoja tajiri, Lavinia Steward, akatoa dola 60,000 kwa ajili ya darubini kubwa. Vita vya kwanza vya dunia vilichelewesha kazi, na kituo kikafunguliwa mwaka 1923. Wakati huohuo alikwenda California kukata vipande kwenye visiki vya sequoia, miti mikubwa ajabu, na kupata mfuatano wa miaka zaidi ya 3,000. Mwaka 1922 mtaalamu wa Uingereza, Walter Maunder, alimwandikia kwamba kati ya 1645 na 1715 jua lilikuwa karibu halina madoa kabisa. Douglass alirudi kwenye vipimo vyake. Aliona kwamba mzunguko wa miaka 11 aliozoea kuuona ulikuwa umepotea katika miaka ile. Alifurahi sana, aliona sasa ushahidi umekamilika.

Lakini sifa kubwa ilimjia kutoka mlango mwingine. Mwaka 1914 Clark Wissler, wa Jumba la Makumbusho la New York la mambo ya asili, alimuuliza kama maduara yanaweza kusaidia kujua umri wa magofu ya kusini-magharibi mwa Marekani. Huko, mababu wa makabila ya Pueblo walijenga nyumba kubwa za mawe, na dari zake zilishikiliwa na magogo ya misonobari. Pueblo Bonito, katika bonde la Chaco, lilikuwa na vyumba mamia. Hakuna aliyejua lilijengwa lini. Wengine walidhani lina miaka elfu kadhaa.

Douglass alilinganisha magogo ya gofu moja na mengine, akaweza kusema jengo hili limetangulia lile kwa miaka arobaini na kitu. Hata hivyo, hakuweza kusema ni mwaka gani. Alikuwa na kamba mbili. Moja ilianzia kwenye miti iliyo hai na kurudi nyuma. Magogo ya kijiji cha Oraibi, ambako Wahopi wanaishi hadi leo, yaliirefusha mpaka karne ya 13. Nyingine ilikuwa ya magofu, yenye miaka 585, lakini ilielea hewani bila tarehe. Katikati palikuwa na shimo, na hakuna aliyejua upana wake. Shirika la National Geographic lilitoa pesa kwa safari tatu, mwaka 1923, 1928 na 1929, ili kuliziba shimo hilo.

Safari ya tatu iliongozwa na rangi ya vyungu. Wachimbaji walitafuta magofu yenye vyungu vya aina ambayo ilitumika kati ya nyakati zile mbili. Tarehe 22 mwezi wa sita mwaka 1929, katika kijiji cha Show Low, vijana wawili, Lyndon Hargrave na Emil Haury, walikuta ardhini gogo lililoungua likawa makala. Kwa bahati, makala haiozi. Walilipa namba HH-39, wakalifunga vizuri lisivunjike. Douglass alikaa nalo, akasoma kuanzia mwaka 1380 na kurudi nyuma hadi 1237, akaona kwamba linashika kamba zote mbili. Shimo halikuwepo kabisa. Kamba mbili zilikuwa zinagusana tangu zamani, ila sehemu yao ya pamoja ilikuwa fupi mno kwa mtu mwangalifu kama yeye kuiamini.

Usiku mmoja magofu makumi yakapata tarehe. Pueblo Bonito lilikuwa na miti iliyokatwa mwaka 919, na mingine ya karne ya 11 na mwanzo wa karne ya 12. Halikuwa la miaka elfu kadhaa. Zaidi ya hapo, maduara yalionyesha ukame mkali kati ya 1276 na 1299, wakati uleule ambapo watu waliacha nyumba za miambani za Mesa Verde. Wataalamu bado wanabishana kama ukame peke yake uliwahamisha, au pia vita na ugomvi kati yao. Lakini kwamba mvua ilikatika, hakuna anayebisha tena.

Mwaka 1937 chuo kikuu kilimpa maabara yake mwenyewe ya kuchunguza maduara ya miti, ya kwanza duniani. Kwa kuwa nafasi ilikosekana, iliwekwa kwa muda chini ya viti vya uwanja wa mpira. Muda huo ulidumu mpaka mwaka 2013. Humo alifundisha watu kama Edmund Schulman, ambaye mwaka 1957 alipata California msonobari ulio hai wenye zaidi ya miaka 4,000.

Na madoa ya jua? Hapo Douglass hakushinda. Aliandika vitabu vitatu vikubwa juu ya mizunguko ya hali ya hewa, kati ya 1919 na 1936, akatengeneza na mashine ya kuitafuta, akitumaini kutabiri mvua ya miaka ijayo. Wanasayansi waliofuata hawakuona uhusiano wa kudumu kati ya madoa na maduara. Inashangaza kwamba mtu aliyefukuzwa kwa kumshutumu Lowell kuwa anatafuta ushahidi wa jibu lake, naye alishikilia jibu lake zaidi ya miaka 50. Tofauti ni kwamba vipimo vyake vilikuwa vya kweli, na mtu asiyeamini mizunguko aliweza kuvitumia. Alifariki Tucson tarehe 20 mwezi wa tatu mwaka 1962, akiwa na miaka 94.

Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yalikuwa yamegawana maji ya mto Colorado kwa kufuata vipimo vya miaka michache. Mwaka 1976 Charles Stockton, wa maabara ileile ya Tucson, pamoja na Gordon Jacoby, walitumia maduara kurudisha hesabu ya mto huo kwa karne kadhaa. Waligundua kwamba vipimo vya mwanzo viliangukia miaka ya maji mengi kuliko kawaida. Maji waliyogawana yalikuwa mengi kuliko yale ambayo mto hutoa. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi wa maji ya Colorado, na wakulima wa Arizona walikuwa kati ya wa kwanza kupunguziwa.