Édouard Lucas na namba ya tarakimu 39

Namba yenyewe ni hii: 170 141 183 460 469 231 731 687 303 715 884 105 727. Andika 2 mara 127, zizidishe zote, kisha toa 1, utaipata. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliiorodhesha kuwa namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hakuonyesha uthibitisho. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyejua kama alisema kweli.

Aliyelitatua fumbo hilo, Édouard Lucas, alizaliwa Amiens, Ufaransa, mwaka 1842. Alifanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota cha Paris, akawa ofisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia, kisha akawa mwalimu wa sekondari.

Kuijaribu namba kubwa hivyo kwa kigawanyo kimoja kimoja ni kazi isiyokwisha. Lucas alipita njia nyingine. Tuichukue ndugu yake mdogo, 127, ambayo ni 2 mara saba kutoa 1. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 7. Rudia: 47. Rudia tena: 2207, ambayo ukiigawa kwa 127 inabaki 48. Endelea na baki hiyo, utapata 16, halafu 254. Hii inagawanyika kwa 127 bila baki, basi 127 ni tasa. Hatua tano tu! Kwa ile ya tarakimu 39 hatua ni 125, kila moja ikiwa na kuzidisha na kugawa kwa kutisha, na kosa moja linaharibu yote. Lucas alibuni hata ubao wenye miraba 127 kila upande, hesabu ifanywe kwa kusogeza kete. Mwaka 1876 alitangaza kwamba namba hiyo ni tasa.

Mwaka huohuo alionyesha kwamba Mersenne alikosea kuhusu 67: 2 mara 67 kutoa 1 si tasa. Ajabu ni kwamba hakutaja kigawanyo hata kimoja. Vigawanyo vilipatikana mwaka 1903, na Mmarekani Frank Nelson Cole.

Wengi wanamjua Lucas bila kujua, kwa mchezo wa Mnara wa Hanoi alioutoa mwaka 1883 kwa jina la N. Claus de Siam, ambalo ni herufi za Lucas d'Amiens zilizopanguliwa.

Oktoba 1891, siku chache baada ya kipande cha sahani iliyovunjika kwenye karamu kumkata shavuni, alifariki kwa maambukizi ya ngozi. Alikuwa na miaka 49. Namba yake ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi 1951, na hadi leo hakuna kubwa kuliko hiyo iliyothibitishwa bila mashine.