Grace Hopper: Aliyeifunza kompyuta kujiandikia programu

Hebu piga picha: mtoto wa miaka saba amezifungua saa za kengele zote nyumbani, moja baada ya nyingine, kwa sababu alishindwa kuirudisha ya kwanza ilivyokuwa. Huko kwenu angechapwa, ama vipi? Mamake alimwachia saa moja tu ya kuchezea. Mtoto huyo ni Grace Murray, aliyezaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Leo dunia inamjua kama Grace Hopper.

Kama unaandika programu, wewe ni mdeni wake hata kama hujawahi kumsikia.

Alisoma hisabati na fizikia katika chuo cha Vassar, kisha akapata uzamifu wa hisabati Yale mwaka wa 1934, enzi ambapo wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wachache. Pia alifundisha Vassar. Kazi nzuri, mshahara upo. Angetulia tu.

Lakini vita vikaja. Akataka kujiunga na Jeshi la Wanamaji, akaambiwa amepita umri na tena ni mwembamba mno. Hakuchoka kubisha mlango, na mwishoni mwa 1943 wakamchukua. Mwaka uliofuata akatumwa Harvard kwenye mashine iitwayo Mark I. Usifikirie laptopu yako. Hii ilikuwa na urefu wa mita 15 hivi, ikisoma amri kutoka kwa ukanda wa karatasi uliotobolewa, na kwa sekunde moja ilijumlisha mara tatu tu. Hopper ndiye aliyeandika kitabu cha kuielezea, kurasa zaidi ya 500.

Huko ndiko alikoona tatizo lililokuja kubadilisha maisha yake. Yeye na wenzake walikuwa na madaftari yenye vipande vya programu vilivyokwisha kufanya kazi. Ukihitaji kipande, unakinakili kwa mkono na kujumlisha upya namba za mahali kitakapokaa kwenye mashine. Wasomi hao wote, na bado walikosea kunakili, wakakosea kujumlisha. Hopper akajiuliza swali rahisi: kazi ya kunakili na kujumlisha si ndiyo mashine inaiweza kutushinda? Mbona tunaifanya sisi?

Mwaka wa 1949 alihamia kampuni ya Eckert na Mauchly kule Philadelphia, waliokuwa wakiunda kompyuta ya UNIVAC. Kati ya 1951 na 1952 akaandika A-0. Ilifanyaje kazi? Kila kipande kilipewa namba yake na kuhifadhiwa kwenye ukanda wa sumaku. Wewe unaandika orodha fupi ya namba unazotaka, mashine inavitafuta vipande vyenyewe, inavipanga, inarekebisha anwani, na kukutolea programu nzima. Hiyo A-0 ndiyo aliyoiita kompaila, ingawa ilikuwa karibu zaidi na kile tunachokiita leo kiunganishi.

Palikuwa na kigingi: mashine ilipitia kazi mara moja tu, sasa itarukaje hadi mahali ambapo bado hapajulikani? Hopper alikuwa amecheza mpira wa vikapu chuoni, akakumbuka pasi ya mbele. Akatenga kona kwenye kumbukumbu ambapo mashine ingeurusha mruko huo, kisha kipande kinachohitajika kikifika, kiuchukue hapo.

Unadhani alipigiwa makofi? Wapi! Watu walishikilia kwamba kompyuta ni ya kukokotoa hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Akaendelea. Kisha akapendekeza watu wa biashara waamuru kompyuta kwa maneno ya Kiingereza badala ya alama za hisabati, akaambiwa haiwezekani. Akaunda FLOW-MATIC, na lugha hiyo ikawa msingi mkubwa wa COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka wa 1959 na kamati ambayo yeye alikuwa mmoja wa washauri wake. Miongo mingi baadaye, mifumo mingi ya benki bado iliendeshwa kwa COBOL.

Sasa tazama skripti yako ya mistari kumi inayoita kompaila usiku bila mtu kuketi hapo. Inatafsiri faili, inaziunganisha, inaandika logi. Ni wazo lile lile: kazi ya kurudiarudia mwachie mashine. Lakini mashine haina aibu; usipoiamuru isimame kompaila inaporudisha namba isiyo sifuri, itaendelea mbele na asubuhi utakuta programu mbovu imevaa jina la nzima. Na logi usiidharau. Mwaka wa 1947 wenzake Hopper walimkuta nondo amenaswa ndani ya Mark II, wakambandika kwenye daftari la kazi pamoja na maelezo. Hitilafu ikiandikwa, inapatikana.

Jeshi lilimstaafisha mwaka wa 1966, likamwita tena mwaka uliofuata kwa sababu kazi ilishinda waliobaki. Alistaafu kabisa Agosti 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali wa nyuma (Rear Admiral). Hata hapo hakukaa kitako. Alikuwa mshauri wa kampuni ya kompyuta hadi alipofariki tarehe 1 Januari 1992. Ofisini mwake alitundika saa inayozunguka kinyumenyume, na ilisoma wakati sawasawa. Aliitumia kuwachokoza waliozoea kusema mambo hufanywa hivi siku zote.

Kwa hivyo ukijikuta unafanya jambo lile lile kwa mkono mara ya tatu, simama kidogo. Jiulize alilojiuliza Hopper, kisha andika hiyo skripti.