Thomas Wakefield, Aliyebaki Ribe

Kila tunapofikia jubilei huwa tunaulizwa Umethodisti uliingiaje Kenya. Jibu letu ni fupi: Ribe, mwaka 1862. Tusichosema mara nyingi ni kwamba mwaka huo nusura uwe wa kwanza na wa mwisho.

Thomas Wakefield alizaliwa Derby, Uingereza, mwaka 1836. Alitumwa na United Methodist Free Churches, tawi changa la Wamethodisti lililoanzishwa mwaka 1857. Alisafiri na vijana wengine watatu, wakiongozwa na mzee Krapf, yule wa Rabai. Krapf aliwachagulia Ribe, vilimani nyuma ya Mombasa, miongoni mwa Waribe. Kisha homa ikaanza. Kabla ya mwaka kwisha, Krapf na wale wengine wote walikuwa wamekwisha kuondoka. Wakefield akabaki peke yake, umri wake miaka 26, katika kijiji ambacho hakikuwa kimemwita. Angefunga virago naye, hakuna ambaye angemlaumu.

Mwaka 1863 aliletewa mwenzake, Charles New. Huyu ndiye vitabu vinamtaja zaidi, kwa kuwa mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Sisi tunaona Wakefield amesahauliwa bure. Kazi yake ilikuwa ya kukaa: kujifunza lugha, kufundisha wachache waliokuja, kuzika, kuanza upya. Naye alikuwa msikilizaji. Aliketi na Sadi bin Ahedi, mfanyabiashara Mwislamu wa misafara, akaandika njia zote ambazo mzee huyo alizijua kutoka Pwani kwenda bara, mpaka upande wa ziwa kuu. Mwaka 1870 Royal Geographical Society ya London ikazichapisha. Njia hizo Wakefield mwenyewe hakuwa amezikanyaga.

Mkewe, Rebecca, naye alifika Ribe. Mwaka 1873 Wakefield alimzika hapo, yeye na mtoto wao mchanga. Mwaka 1875 New naye akafariki, akirudi kutoka safari ya Uchaga. Kwa mara nyingine tena Wakefield hakufunga kazi. Jomvu, karibu na Mombasa, pakawa na kituo cha pili, na watu waliotoroka utumwa wakaja kutafuta hifadhi katika vituo hivyo, jambo lililowaudhi sana mabwana wao wa Pwani. Waumini wengi wa mwanzo wa makanisa yetu ya vijijini walikuwa watu wa namna hiyo, wasio na ukoo wa kuwapokea.

Ndoto yake kubwa ilikuwa kuwafikia Waoromo wa Mto Tana. Baada ya zaidi ya miaka 20 kituo cha Golbanti kikafunguliwa. Mwaka 1886 Wamaasai wakakishambulia, wakawaua mmishonari John Houghton na mkewe pamoja na waumini kadhaa. Wakefield aliondoka Afrika muda mfupi baadaye, akafariki Uingereza mwaka 1901.

Hakuiona Meru, ambako wengi wetu tunaoimba hapa Ngara tumetoka. Wamishonari wa Kimethodisti walifika Kaaga mwaka 1912, nao walitokea upande wa Pwani, ambako kanisa lilikuwa tayari na umri wa miaka 50.