Tom Mboya alifungua mlango wa vyuo vikuu, Bangale ikabaki nje

ALIPOPIGWA risasi nje ya duka la dawa katika Government Road jijini Nairobi, mchana wa Jumamosi Julai 5, 1969, Thomas Joseph Odhiambo Mboya alikuwa na umri wa miaka 38 tu. Wengi humkumbuka kwa kifo hicho na kwa maswali kilichoyaacha. Wachache hukumbuka kwamba kazi yake iliyodumu zaidi ilikuwa kuwatafutia vijana nafasi za masomo ya juu, enzi ambazo Mwafrika wa Kenya aliyetaka kuwa mhandisi au mwanabiolojia alionekana mwenye ndoto za Alinacha.

Hata hivyo, Mboya huyo huyo ndiye aliyekuwa waziri wa mipango wakati Serikali ilipotoa waraka ambao wakazi wa maeneo kama Bangale, katika eneobunge la Bura, Kaunti ya Tana River, wana haki ya kuuliza uliwafanyia nini. Masimulizi ya maisha yake huachana na upande mmoja au mwingine. Hapa tutajaribu kuziweka pamoja pande zote mbili.

Alizaliwa Agosti 15, 1930 karibu na mlima Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge ambako babake, Leonard Ndiege, alikuwa ameajiriwa. Asili ya familia ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, lakini mtoto alikulia miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali, na hapo ndipo alipojifunza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha nyumbani. Wakati wa uchaguzi katika jiji la Nairobi, ndimi hizo zilimfaa kuliko fedha.

Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, St Mary's Yala, kisha Mang'u. Alikuwa na akili ya kuendelea. Karo ndiyo iliyokosekana. Kijana akaacha masomo ya kawaida, na mwaka 1948 akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya yaliyotolewa Kabete, kwa kuwa huko mwanafunzi hakulipa bali alilipwa posho.

Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi yake ilihusu kukagua usafi na kupima maziwa katika maabara. Katika kitabu chake cha mwaka 1963, Freedom and After, anasimulia jinsi mwanamke Mzungu alivyoingia maabarani siku moja akiwa na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamwona Mboya amesimama pale, akatazama huku na huku, kisha akauliza iwapo kuna mtu yeyote ndani. Kwa mwanamke yule, Mwafrika aliyevaa koti jeupe la maabara hakuwa mtu wa kuulizwa habari za maziwa. Tukio hilo halikuwa na damu wala gereza, lakini mwandishi wa makala haya huliona kuwa muhimu kuliko hotuba nyingi za kipindi kile. Lilimfunza Mboya kwamba ukoloni haukuchukua ardhi peke yake. Ulikuwa umejimilikisha pia haki ya kuitwa mtaalamu.

Kutoka hapo aliinuka kwa kasi. Aliwaunganisha watumishi wa mabaraza katika chama cha wafanyakazi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao la nchi nzima, wakati vyama vya kisiasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku. Mwaka 1955 alisuluhisha mgomo wa bandari ya Mombasa. Akasoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin mjini Oxford, akarejea na kuchaguliwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra.

Suala la elimu ndilo lililomkosesha usingizi. Uhuru ulikuwa unanukia, na kila aliyepiga hesabu aliona kwamba nchi ingepata bendera bila ya kuwa na wahandisi, madaktari wala wanasayansi wake. Makerere, kule Uganda, ilikuwa na nafasi chache mno kwa Afrika Mashariki yote. Chuo cha ufundi cha Nairobi, ambacho baadaye kilikua kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilikuwa kimepokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 tu. Serikali ya kikoloni ilitoa ufadhili wa kwenda Uingereza kwa wachache, na ilizitazama digrii za Marekani kwa dharau.

Mwaka 1959 Mboya alizuru Marekani, akahutubia vyuoni na kuomba jambo moja kila alikopita: nafasi za masomo. Vyuo viliitikia. Tatizo likawa nauli, kwani familia iliyouza ng'ombe na kuandaa harambee ya chai kijijini haikuweza kumudu tiketi ya ndege ya kuvuka bahari. Hapo ndipo Wamarekani weusi waliokuwa na majina makubwa, yaani mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walipotia sahihi barua ya kuwaomba wananchi wenzao michango. Septemba 1959 ndege ya kukodi ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata, Julai 1960, Mboya alimwendea John Kennedy, seneta aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Kundi la mwaka huo lilizidi wanafunzi 200, na halikuwa la Wakenya peke yao. Kufikia 1963 mpango huo ulikuwa umewasafirisha karibu vijana 800.

Jambo moja husahaulika na wanaosimulia habari za ndege hizo. Tiketi pekee haikumfikisha mtu kwenye digrii. Kijana aliyetoka shule ya misheni alijikuta katikati ya theluji, katika miji mingine akiwa mweusi pekee darasani, na katika majimbo mengine akizuiwa kuketi alipotaka. Wakfu uliosimamia mpango uliweka ofisi New York chini ya Cora Weiss, na ofisi hiyo ilishughulikia mambo yasiyoandikwa magazetini: kazi za likizo ili mwanafunzi apate fedha za matumizi, msaada wa dharura, mtu wa kuandikiwa barua mambo yanapoharibika. Wanaosimamia misaada ya masomo nchini leo wangefaidika kuichunguza kazi hiyo, maana basari nyingi huishia kwenye hundi.

Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa msichana kutoka Nyeri, Wangari Muta, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Wangari Maathai. Alihitimu shahada ya biolojia mwaka 1964 katika chuo cha Mount St Scholastica, Atchison, jimbo la Kansas, akachukua ya uzamili Pittsburgh, na mwaka 1971 akapata ya uzamifu jijini Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika kiwango hicho. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini nani aliyeweza kupanda ndege ile? Aliyekuwa na cheti cha sekondari. Na shule za sekondari za Waafrika zilikuwa pale ambapo wamishonari walikuwa wamejenga: Alliance, Mang'u, Maseno, Yala na nyinginezo za Nyanza na Mkoa wa Kati. Si ajabu basi kwamba wengi wa waliosafiri walikuwa Wajaluo na Wakikuyu. Hata enzi zile wapo waliomlaumu Mboya kwa upendeleo. Lawama hiyo, kwa maoni yetu, ilikosea shabaha. Hakuwabagua Waorma na Wardei wanaofuga ng'ombe na ngamia kuizunguka Bangale, wala Wapokomo wa kando ya mto, wala jamii ndogo za Wamunyoyaya, Malakote na Waata. Mpango wake ulianzia mwisho wa ngazi ambayo vipago vyake vya chini havikuwa vimewekwa Tana River.

Uhuru ulipopatikana, nafasi ya kuviweka vipago hivyo ikawa mikononi mwa Serikali, na Desemba 1964 Mboya alikabidhiwa wizara ya mipango ya uchumi. Mwaka 1965 ukatolewa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliohusu ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake mlikuwa na hesabu ambayo kila Mkenya wa maeneo kame angefaa kuijua. Pauni milioni 1 zikiwekezwa eneo fulani huenda zikaongeza pato kwa pauni 20,000 kwa mwaka. Zikiwekezwa kwingine huenda zikaleta 100,000. Busara, kwa mujibu wa waraka, ni kuziweka kwingine huko, penye mvua, ardhi nzuri, barabara na watu walio tayari kwa maendeleo, kisha faida ya ziada ya pauni 80,000 itumike kulisaidia eneo la kwanza kwa ruzuku na mikopo nafuu.

Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro. Kasoro ilitokea katika utekelezaji: nusu ya kwanza ilifuatwa kwa bidii, nusu ya pili ikangoja. Bangale, iliyo kwenye njia ya Mwingi kuelekea Garissa, nchi ya vichaka na ukame, ilikuwa upande wa pauni 20,000. Mambo yalizidi kuharibika kwa vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 na sheria za hali ya hatari ambazo zilipanuliwa hadi Tana River na kuondolewa mwaka 1991 tu. Penye sheria za namna hiyo mwalimu wa fizikia haendi kwa hiari.

Waraka ulikosolewa mapema. Barack Obama, baba wa rais wa baadaye wa Marekani na rafiki wa Mboya, aliuandikia makala kali mwaka 1965 akihoji nani hasa angeumiliki uchumi wa nchi. Urafiki wao haukuvunjika; Obama alikuwa miongoni mwa mashahidi katika kesi ya mauaji ya Mboya, ambamo Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa. Mboya alizikwa Rusinga. Miaka minne kati ya waraka na risasi haitoshi kumpima iwapo angeitimiza ile nusu ya pili. Waliomfuata walipata miongo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye fomu za kujiunga na vyuo. Anayetaka kusomea uhandisi huhitaji alama ya C+ au zaidi katika hisabati, fizikia na kemia. Mtahiniwa wa Bangale hupimwa kwa kipimo hicho sawa na wa Nairobi, hata kama shule yake haina maabara na mwalimu wa sayansi alihama muhula wa pili.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuirekebisha hesabu ya 1965. Kifungu cha 56 kinaitaka Serikali iwape walio wachache na waliotengwa nafasi maalumu katika elimu. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa, na Tana River ikawa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kuorodheshwa. Fedha zilichelewa, zikagombaniwa hadi mahakamani. Kifungu hicho kinataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Shule hazikutajwa kwa jina, ingawa maabara bila maji na umeme ni chumba tu. Aidha, hazina hiyo iliwekewa muda wa miaka 20, na isipokuwa Bunge liuongeze, itafikia kikomo Agosti 2030.