Muindi Mbingu na Urithi wa Familia

Katika vitabu vingi vya shule, Muindi Mbingu hupewa sentensi moja au mbili: Mkamba aliyetetea ng'ombe dhidi ya serikali ya kikoloni. Mwanafunzi wa Machakos huikariri sentensi hiyo, akafaulu mtihani, kisha akaisahau. Kwa maoni yangu, maisha ya mtu huyu yanahusu suala ambalo lingali nasi hadi leo, yaani ni kitu gani hasa serikali ina haki ya kukichukua kutoka kwa familia.

Samuel Muindi, ajulikanaye zaidi kama Muindi Mbingu, alikuwa mtu wa Ngelani, vilimani karibu na mji wa Machakos. Katika zama zake kodi ilikuwa imekwisha kuingia katika kila boma. Tangu 1901 serikali ilitoza kodi ya nyumba, na baadaye ikaongeza kodi ya kichwa. (Kama mwanaisimu, siwezi kulipita neno hili. Leo kodi ya nyumba ni fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba; mzee wa Ukambani aliilipia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe.) Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu, na aliyemrithi mjane wa nduguye aliirithi pia kodi ya nyumba ya mjane huyo. Hakuna aliyemwuliza amevuna nini mwaka huo. Walowezi nao waliipinga kodi ya mapato kwa nguvu zote. Ile iliyowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilifutwa upesi, na haikurudi hadi 1937.

Mwaka uliofuata, 1938, ukaleta amri ya kupunguza mifugo kwa lazima. Maafisa walidai kwamba ng'ombe wamezidi na ndio wanaosababisha mmomonyoko wa udongo. Mmomonyoko ulikuwapo kweli, na asiyekiri hilo hasemi ukweli wote. Lakini Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo dogo, huku ardhi nzuri kama ile ya vilima vya Mua ikiwa mikononi mwa walowezi. Aidha, kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Mifugo ikahesabiwa, ikapigwa chapa, na ile iliyohesabiwa kuwa ya ziada ikanadiwa.

Ng'ombe hao walikuwa mahari ya vijana, akiba ya wakati wa njaa na urithi wa wana. Kodi ya mapato, ikiwa ya haki, huchukua sehemu ya maziwa. Amri hii ilimchukua ng'ombe mwenyewe.

Muindi akawa kiongozi wa chama cha Ukamba Members Association. Mnamo Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja, wanawake na watoto wakiwamo, walikwenda Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Isher Dass aliwasaidia katika jiji hilo, na Jomo Kenyatta akawatetea kutoka London. Gavana alikuja Machakos mwezi wa Agosti, lakini hakuwaridhisha. Hatimaye Muindi alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuuza mifugo kwa lazima. Watu wake walipata walichokitaka. Yeye akabaki uhamishoni miaka kadhaa. Alirudi kwao, na akauawa wakati wa Hali ya Hatari.

Kenya huru ilifuta ushuru wa mirathi mwaka 1982. Wapo watakaosema kwamba hapo ndipo haki ya Muindi ilipotimia. Sikubaliani nao. Sheria hiyo humlinda mrithi wa mbuzi watano sawasawa na mrithi wa maelfu ya ekari na majumba ya kupangisha, ilhali mshahara wa mwalimu hukatwa kodi kabla haujamfikia mkononi. Binafsi ningeunga mkono kurudishwa kwa ushuru huo, mradi kiwango cha kuanza kutozwa kiwekwe juu sana, kusiwe na shamba la kawaida la Kangundo au Mwala litakalouzwa ili ulipwe, na wenye mashamba hayo wasikilizwe kabla ya sheria kuandikwa.