Elihu Root

Elihu Root (15 Februari 1845 – 7 Februari 1937) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa kutoka nchini Marekani. Alikuwa Waziri wa Vita (1899–1904), Waziri wa Mambo ya Nje (1905–1909) na seneta wa jimbo la New York (1909–1915). Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1912, hasa kwa sababu ya mikataba ya usuluhishi aliyoifunga na mataifa mengine.

Maisha ya awali

Root alizaliwa Clinton, jimbo la New York. Baba yake alifundisha hisabati kwenye Hamilton College, na Elihu alihitimu masomo yake hukohuko mwaka 1864. Baada ya kusoma sheria alikuwa wakili wa makampuni makubwa mjini New York.

Mwaka 1899 Rais William McKinley alimteua kuwa Waziri wa Vita ingawa hakuwa mwanajeshi. Kazi yake ilikuwa pia kusimamia maeneo yaliyochukuliwa kutoka Hispania, yaani Kuba, Puerto Rico na Ufilipino. Katika Ufilipino jeshi lililokuwa chini ya wizara yake lilipigana vita vikali na wenyeji waliodai uhuru, jambo lisilofaa kusahauliwa anapotajwa kama mtu wa amani.

Mkataba wa 1908

Waziri aliyemtangulia, John Hay, aliwahi kuandaa mikataba ya usuluhishi na nchi mbalimbali. Seneti ilidai kila kesi iletwe kwake kama mkataba mpya kabla ya kupelekwa kwa wasuluhishi. Rais Theodore Roosevelt aliona kwamba sharti hilo linaondoa maana yote, akaiacha mikataba hiyo. Root alilikubali sharti lilelile, na katika miaka 1908 na 1909 alifunga mikataba zaidi ya 20.

Mkataba na Uingereza ulitiwa saini Washington tarehe 4 Aprili 1908, na Root pamoja na balozi James Bryce. Mabishano ya kisheria na ya tafsiri ya mikataba yalitakiwa kupelekwa kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini Den Haag. Mambo yaliyogusa maslahi makuu, uhuru au heshima ya nchi yaliachwa nje. Huo ulikuwa mlango mpana wa kutokea. Muda wake ulikuwa miaka 5 tu.

Hata hivyo mkataba ulifanya kazi. Ugomvi kuhusu haki za wavuvi Wamarekani kwenye pwani ya Newfoundland, uliotokana na mapatano ya 1818, ulipelekwa Den Haag mwaka 1910, na Root mwenyewe aliongoza mawakili wa Marekani. Mahakama iliamua kwamba Uingereza ina haki ya kutunga kanuni za uvuvi, lakini kanuni hizo ziwe za haki na zisivunje mapatano. Pande zote mbili zilikubali hukumu.

Kurefushwa kwa mkataba

Mwaka 1912 Kongresi ilipitisha sheria ya kusamehe ushuru wa Mfereji wa Panama kwa meli za Marekani zilizosafiri kati ya bandari za Marekani yenyewe. Uingereza ililalamika, kwa kuwa mkataba wa 1901 uliahidi masharti sawa kwa meli za mataifa yote. Root, sasa akiwa seneta, alisema Januari 1913 kwamba Marekani ibadilishe sheria au ikubali usuluhishi kama ilivyoahidi.

Tarehe 31 Mei 1913, siku chache kabla ya muda kwisha, serikali hizo mbili zilitia saini mapatano ya kuurefusha mkataba kwa miaka 5 mingine. Lakini maseneta kadhaa waliogopa kwamba wakiukubali, Uingereza itaipeleka kesi ya mfereji Den Haag. Hivyo idhini ya Seneti ilicheleweshwa hadi mwanzo wa 1914, na kwa miezi kadhaa nchi hizo hazikuwa na mkataba wa usuluhishi uliokuwa ukitumika.

Machi 1914 Rais Woodrow Wilson, wa chama cha Democratic, aliomba msamaha huo wa ushuru ufutwe. Root alikuwa wa chama cha Republican, lakini alimuunga mkono kinyume cha wenzake wengi. Msamaha ulifutwa Juni 1914, miezi miwili kabla ya mfereji kufunguliwa. Mkataba wa 1908 ulirefushwa tena mwaka 1918 na 1923.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1920 Root alikuwa mmoja wa wanasheria walioandaa katiba ya Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa. Alipokuwa na miaka 84 alisafiri hadi Geneva kutafuta masharti ambayo Seneti ingeyakubali ili Marekani ijiunge nayo. Mwaka 1935 kura zilikuwa 52 kwa 36, zikapungua 7 kufikia theluthi mbili zilizohitajika. Root alifariki New York miaka miwili baadaye, akazikwa kwenye makaburi ya Hamilton College.