Bentley: Mkulima aliyenasa sura ya theluji kabla haijayeyuka

KWA karibu miaka 50, mkulima mmoja wa jimbo la Vermont, Marekani, alishindana na wakati kila theluji ilipoanguka. Alichokitafuta kilidumu dakika chache tu, kisha kikatoweka.

Mkulima huyo, Wilson Alwyn Bentley, ndiye aliyeufunulia ulimwengu kwa picha uzuri uliofichika katika chembe za theluji, ambazo nyingi zina pembe sita.

Bentley alizaliwa Februari 9, 1865, katika eneo la Jericho. Mamake, aliyewahi kuwa mwalimu, alimsomesha nyumbani hadi alipofikisha umri wa miaka 14, na ndiye aliyempa hadubini ya kwanza.

Mwanzoni kijana huyo alijaribu kuchora alichokiona, lakini chembe ziliyeyuka kabla hajamaliza. Ndipo alipowasihi wazazi wake wamnunulie kamera. Babake aliiona shughuli hiyo kuwa upuuzi, ila hatimaye alikubali kutoa fedha ambazo hazikuwa kidogo kwa familia ya wafugaji.

Bentley aliiunganisha kamera na hadubini. Baada ya majaribio mengi kuambulia patupu, alifaulu Januari 15, 1885, kabla ya kutimiza miaka 20.

Kazi hiyo aliifanya katika banda lisilo na moto. Aliidaka theluji kwa ubao mweusi, akaihamishia chembe nzima kwenye kioo kwa kijiti, kisha akailaza kwa unyoya huku akizuia pumzi isije ikaiyeyusha.

Chembe ya theluji huanza pale mvuke wa maji unapoganda juu ya punje ya vumbi angani. Umbo lake hutegemea kiwango cha baridi na unyevu katika njia inayopitia hadi ardhini. Kwa kuwa njia hizo hutofautiana, Bentley aliamini kuwa hakuna chembe mbili zinazofanana, na imani hiyo ikaenea kote.

Hakuishia kwenye theluji. Alipiga picha za umande na sakitu iliyotanda kwenye vioo vya madirisha. Alipima pia matone ya mvua kwa kuyaacha yaanguke kwenye unga, kisha kupima vidonge vilivyofanyika. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa 1904.

Hata hivyo, sifa zake zilitiwa doa. Gustav Hellmann, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, alimshutumu kwa kuzibadilisha picha zake. Ni kweli kwamba Bentley alikuwa akikwangua nakala za vioo vya picha kuzunguka umbo la chembe, ili ing'ae juu ya weusi. Yeye alishikilia kuwa hakuharibu ukweli wowote.

Tena alichagua chembe zilizokamilika na kuziacha zilizovunjika au kupinda, ambazo ndizo nyingi zaidi. Aliyezoea picha zake angedhani kila theluji ni pambo.

Licha ya dosari hiyo, hakuna aliyekusanya hazina kama yake. Alipiga picha zaidi ya 5,000, na mnamo 1903 alipeleka 500 katika taasisi ya Smithsonian. Nakala aliziuza kwa senti tano kila moja. Chama cha Wanahali ya Hewa cha Marekani kilimpa msaada wa utafiti 1924, nao ulikuwa Dola 25 pekee.

Novemba 1931, kitabu alichoshirikiana na mwanafizikia William J. Humphreys kilichapishwa kikiwa na picha zaidi ya 2,400. Wiki chache baadaye, Bentley aliugua nimonia baada ya kutembea hadi nyumbani katika dhoruba ya theluji. Alifariki Desemba 23, akiwa na umri wa miaka 66, bila mke wala mtoto.

Kitabu hicho kilimfikia Ukichiro Nakaya, mwanafizikia wa Japani. Mnamo 1936, katika kisiwa cha Hokkaido, Nakaya alifaulu kuunda chembe ya theluji maabarani, na kuonyesha jinsi baridi na unyevu vinavyoamua umbo lake.